Wiki tatu kabla ya kura: nampimaje mgombea bila kulishwa uongo?

Penseli_Mbili (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa watu wanaoijua kazi hii kwa undani, si wapiga debe.

Zimebaki wiki tatu. Kuna nafasi tatu za kujaza: urais, ubunge na udiwani. Habari za wagombea urais ni nyingi hadi zinachanganya, za wabunge ni za kuokoteza, na za madiwani ni mabango na nyimbo tu.

Nina simu, bando la kutosha na saa moja hivi kila jioni. Nianze na nini? Ilani moja pekee ni kurasa zaidi ya mia na siwezi kuzimaliza zote. Halafu kila upande una takwimu zake na zote zinasikika kuwa kweli. Klipu na skrinishoti zinazomwagika kwenye magrupu nizichujeje? Na hizi kura za maoni zinazosema fulani anaongoza, nizitilie maanani au niziache?

Siulizi nimchague nani. Naulizia utaratibu.

---

Karani_wa_Vikao

Mkuu, usianze na ilani wala usianze na mtu. Anza na kiti.

Kila kiti kina mambo ambayo aliyekikalia anaweza kuyafanya kwa sahihi yake, mambo anayoweza kuyashawishi tu, na mambo yasiyomhusu kabisa. Yameandikwa kwenye katiba na kwenye sheria inayounda serikali za mitaa. Jioni yako ya kwanza itumie hapo. Soma vifungu vya rais, vya bunge na vya baraza la madiwani, basi. Ukishavisoma una mizani, na hotuba zote zitakazofuata utazipima kwa mizani hiyo.

Mfano. Mbunge kazi zake kubwa ni kutunga sheria, kuidhinisha bajeti na kuisimamia serikali. Hajengi barabara. Akiahidi lami, anachoahidi hasa ni kuibana serikali hadi barabara hiyo iingie kwenye bajeti na fedha zitoke. Kwa hiyo swali la kumuuliza si "itakuwa na urefu gani?" bali "umewahi kuibana serikali juu ya nini, na ikawaje?" Diwani naye anayeahidi kushusha kodi ya mafuta ya nchi nzima, ama hakijui kiti anachokiomba, ama anakijua na anategemea kwamba wewe hukijui.

Jioni ya pili chukua daftari, ukurasa mmoja kwa kila mgombea. Aliyewahi kushika nafasi ana nyayo, zifuate. Kwa mbunge, kumbukumbu rasmi za bunge (hansadi) huwekwa kwenye tovuti ya bunge. Tafuta kwa jina lake. Hapa watu wengi hukosea kwa kuhesabu mahudhurio. Mahudhurio yanaonyesha kwamba alisaini au aliingia ukumbini, hayaonyeshi alichofanya humo. Angalia maswali aliyouliza, marekebisho ya miswada aliyowasilisha, na kamati aliyokaa, kwa sababu kazi nzito ya kupekua bajeti hufanyika kwenye kamati. Jihadhari pia na sentensi kama "aliupigia kura muswada ule". Kura ikipigwa kwa sauti, ya ndiyo na siyo, jina la mtu mmoja mmoja haliandikwi. Ni ile ya kuita majina ndiyo inayoacha ushahidi. Anayekuletea orodha ya "waliosema ndiyo" kwenye kura ya sauti ameitunga.

Kwa diwani, omba mihtasari ya vikao vya baraza. Sehemu nyingi ni nyaraka za wazi, ila huwa haziwekwi mtandaoni, inabidi kuziomba ofisini. Kama alikuwa kiongozi wa taasisi inayotumia fedha za umma, tafuta ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Hati safi maana yake ni kwamba hesabu zimeandikwa inavyotakiwa, haimaanishi fedha zilitumika kwa busara. Kwa hiyo usiishie kwenye aina ya hati. Shuka hadi kwenye hoja za ukaguzi zilizobaki bila kujibiwa, hasa zinazojirudia mwaka hadi mwaka.

Mgombea mpya hana nyayo za ofisi, lakini kuna kitu alichowahi kukiongoza: ushirika, shule, kampuni, chama cha wafanyakazi. Je, hesabu zake zilisomwa mbele ya wanachama? Muda wake ulipokwisha aliachia?

Kwenye kesi na kashfa, andika hatua kamili iliyofikiwa: tuhuma, uchunguzi, mashtaka, hukumu, rufaa. Ni vitu vitano tofauti. Magrupuni aliyehojiwa tu anaitwa "mfungwa mtarajiwa", na aliyetiwa hatiani anatetewa kuwa "ni siasa tu". Ukiandika hatua na tarehe, unakwepa makosa yote mawili.

Sasa ilani. Usiisome kama hadithi, ichambue vitenzi. Fungua faili kwenye simu, tumia kitufe cha kutafuta neno, andika "tutahakikisha", "tutaendelea", "tutahamasisha", "tutaimarisha". Hayo ni maneno yasiyo na mwisho, hakuna siku utakayoweza kusema hayakutimizwa. Kisha tafuta "tutajenga", "tutafuta", "tutaajiri", "tutapunguza", na tarakimu zilizo karibu nayo. Angalia pia kauli ya kutendwa: "Hospitali itajengwa." Na nani? Kwa fungu lipi? Sentensi imempoteza mtendaji, na mara nyingi ni kwa makusudi.

Ukishapata ahadi zenye vitenzi vigumu, chagua tatu zinazokugusa kwa kila mgombea. Zinakili neno kwa neno pamoja na tarehe na mahali zilipotolewa, kisha uliza: kiti kina mamlaka nayo? Fedha zinatoka wapi? Lini? Nitajuaje kwamba imetimia? "Tutaboresha afya" inaanguka kwenye swali la mwisho. "Kila zahanati itakuwa na dawa za msingi wakati wote ndani ya miezi 18" inapimika, hata kama utaona haiwezekani.

---

Kikokotoo

Karani amemaliza upande wa kiti na nyayo. Nichukue namba.

Takwimu za kampeni mara chache huwa za uongo mtupu. Nyingi ni namba ya kweli iliyonyang'anywa mwenzake. Kwa hiyo ukikutana na namba, mtafute mwenzake.

Tuseme mgombea anayetetea kiti anasema: "Tumeongeza bajeti ya elimu kwa asilimia 10." Na ni kweli, ilikuwa 100 sasa ni 110. Mwenzake wa kwanza ni mfumuko wa bei. Kama bei zimepanda kwa asilimia 8 kipindi hichohicho, gawanya 110 kwa 1.08, unapata 101.9. Ongezeko halisi halifiki hata asilimia 2. Mwenzake wa pili ni idadi ya wanafunzi. Kama wameongezeka kwa asilimia 4, gawanya tena kwa 1.04, unapata 97.9. Fedha kwa kila mwanafunzi zimepungua, na hakuna aliyetamka namba ya uongo jukwaani. Hesabu hii inafanyika kwenye simu ndani ya dakika moja, na ndiyo maana inaniuma kuona watu wanabishana siku tatu kama ile asilimia 10 ni kweli.

Ahadi za ajira zigawe kwa muda. Ajira 100,000 kwa miaka 5 ni 20,000 kwa mwaka, karibu 1,667 kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza. Ukiiona hivyo, tafuta serikali imeajiri wangapi mwaka jana, kisha linganisha. Uliza pia kama ni ajira mpya au zinahesabiwa na za kujaza nafasi za wanaostaafu.

Tofautisha asilimia na pointi za asilimia. Ukosefu wa ajira ukitoka asilimia 8 kwenda 10, umepanda kwa pointi 2, na papo hapo umepanda kwa asilimia 25. Serikali itasema 2, upinzani utasema 25. Wote wanasoma jedwali moja.

Angalia mwaka wa kuanzia kuhesabu. Anayetaka kuonekana amekuza uchumi ataanzia mwaka wa ukame au wa janga, wakati kila kitu kilikuwa chini. Omba mfululizo wa miaka kumi, na uupate kwenye ofisi ya taifa ya takwimu au benki kuu, si kwenye bango. Kwenye chati, kabla ya kutazama nguzo soma namba iliyo chini kabisa ya mstari wa wima. Chati ikianzia 50, thamani ya 52 na ya 54 zitaonekana moja ni mara mbili ya nyingine.

Kuhusu kura za maoni: zifuatilie, ila ujue zinaweza kukuambia nini. Sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu ina kiwango cha makosa unachoweza kukikadiria mwenyewe: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Watu 400 ni jumlisha au toa pointi 5. Watu 1,000 ni kama pointi 3. Kiwango hicho kinamhusu kila mgombea peke yake, na pengo kati ya wawili lina makosa yanayokaribia mara mbili. Kwa hiyo 47 kwa 44 katika watu 1,000 si kuongoza kwa uhakika. Kibaya zaidi ni pale gazeti linapokata vipande: "Katika ukanda huu fulani ana asilimia 60." Kama kati ya wale 1,000 ni 100 tu waliotoka ukanda huo, makosa ni pointi 10 kila upande.

Ukubwa wa sampuli hauponyi sampuli mbovu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2. Likatabiri kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt kwenye uchaguzi wa urais. Roosevelt akashinda majimbo yote isipokuwa mawili. Majina yalikuwa yametoka kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na wasiorudisha. Sasa fikiria kura ya kubofya kwenye ukurasa wa shabiki. Ile si kura ya maoni hata ikibofywa na watu milioni.

Ukiiona kura ya maoni tafuta aliyeilipia, tarehe za kuhoji, njia ya kuwapata watu (simu, ana kwa ana, mtandaoni), swali lilivyoulizwa, na wangapi hawajaamua. Kikikosekana kimojawapo, usiisambaze.

---

Jicho_la_Tatu

Nami nizungumzie klipu, picha na sauti.

Kosa la kwanza la watu makini ni kukaa na kitu kilekile na kukikazia macho: kuhesabu vidole kwenye picha, kusoma ukurasa wa "Kuhusu Sisi". Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliotolewa mwaka 2017 uliwapa kazi ya kupima tovuti wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25. Wahakiki ndio waliofika kwenye jibu haraka na kwa usahihi, na walichofanya tofauti ni kuondoka. Waliiacha tovuti mapema, wakafungua vichupo vipya na kuuliza wengine wanasema nini juu yake. Huko ndiko kusoma kwa pembeni. Fanya hivyo kwa kila kitu.

Picha: ipige skrinishoti, kata maandishi yaliyobandikwa juu yake, kisha itafute kwa Google Lens. Usipopata, jaribu TinEye, tovuti nyingine ya kutafuta picha, na upange matokeo kuanzia ya zamani zaidi, ili uone ilionekana mtandaoni mara ya kwanza lini. Usipopata tena, igeuze kushoto kuwa kulia halafu utafute upya, kwa sababu wasambazaji hugeuza picha kuzihadaa injini za utafutaji. Dalili ya kugeuzwa ni herufi zinazosomeka kinyume au vifungo vya shati vilivyo upande usio wake. Usihangaike na tarehe iliyofichwa ndani ya faili kama picha imepita WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp huifuta.

Video: isimamishe sehemu tatu au nne zenye mandhari tofauti, piga skrinishoti kila sehemu, zitafute kama picha. Ukiona umati, tafuta bango, jezi, jengo, hali ya hewa. Umati wa mechi au wa mazishi umewahi kugeuzwa umati wa kampeni mara nyingi mno.

Lakini hatari kubwa kwenye video bado ni mkasi wa kawaida. Mgombea anasema: "Wapo wanaotuambia tufunge zahanati ndogo ili tuokoe fedha, na mimi nawaambia haiwezekani." Kata maneno mawili ya mwanzo, kata na mkia, unabaki na sauti yake halisi, uso wake halisi: "tufunge zahanati ndogo ili tuokoe fedha." Hakuna programu ya kugundua akili bandia itakayoshtuka, maana hakuna kilichobuniwa. Dawa yake ni kutafuta hotuba nzima na kusikiliza nusu dakika kabla na nusu dakika baada. Mwingine ni mchezo wa kasi: Mei 2019 video ya Nancy Pelosi, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi Marekani, ilipunguzwa hadi takribani asilimia 75 ya kasi yake, akasikika kama mlevi. Ilisambaa kote.

Sauti ndiyo ngumu kuliko vyote, kwa sababu haina mandhari ya kukagua. Slovakia, Septemba 2023, siku mbili kabla ya kura ilisambaa rekodi iliyodaiwa kuwa ya Michal Šimečka, kiongozi wa chama cha Progressive Slovakia, akipanga wizi wa kura. Wahakiki walikuta dalili za kutengenezwa kwa akili bandia. Iliangukia ndani ya saa 48 za kimya cha kampeni, na kukanusha kwa nguvu wakati huo ni shida. Januari 2024, jimbo la New Hampshire, Marekani, wapiga kura walipigiwa simu na sauti iliyofanana na ya Joe Biden, rais wa wakati huo, ikiwaambia wasiende kwenye kura ya mchujo. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilimtoza faini ya dola milioni 6 mshauri wa siasa aliyekuwa nyuma yake.

Kwa sauti uliza: ilirekodiwa wapi, lini, na nani, na kwa nini inatoka leo? Je, kuna chombo chochote chenye mhariri kilichoithibitisha kwa chanzo chake, si kwa kusema "inasambaa mitandaoni"? Programu za kugundua sauti bandia zisikupe uhakika. Zinatoa uwezekano tu, na faili likishabanwa mara kadhaa na WhatsApp dalili nyingi hufutika. Ukumbuke na upande wa pili: mwanasiasa aliyenaswa kweli naye atasema "hiyo ni akili bandia". Kukanusha kwake si ushahidi, kama rekodi yenyewe isivyo ushahidi.

Skrinishoti ya chapisho la mtu usiikubali kamwe peke yake. Yeyote anaweza kubadilisha maneno kwenye kivinjari cha kompyuta na kuyapiga picha. Nenda kwenye akaunti yenyewe, kagua jina herufi kwa herufi, huenda sifuri imewekwa mahali pa O, au I kubwa mahali pa l ndogo. Wakidai limefutwa, weka anwani ya ukurasa kwenye Wayback Machine, hazina ya nakala za kurasa za mtandao, uone kama lilihifadhiwa. Kadi za habari zenye nembo ya chombo fulani, fungua ukurasa wa chombo hicho siku ileile na ulinganishe aina ya herufi na mpangilio. Barua "za siri" angalia namba ya kumbukumbu, cheo cha aliyesaini, na kama kweli alikuwa kwenye cheo hicho tarehe hiyo.

Matangazo ya kulipia: Meta, kampuni yenye Facebook, ina maktaba ya matangazo iliyo wazi. Andika jina la mgombea au neno la kashfa, utaona nani analipia na kiasi kwa makadirio. Kwenye ukurasa wa Facebook, sehemu ya uwazi huonyesha ulifunguliwa lini na umebadilishwa jina mara ngapi. Ukurasa wa mapishi uliogeuka "Habari za Uhakika" miezi miwili kabla ya uchaguzi, umeshakuambia kila kitu.

---

Msimamo_wa_Chama

Nashukuru kwa elimu, ila napingana kidogo na Karani. Mnapima watu kana kwamba kila mmoja atakuwa peke yake bungeni. Mbunge akishaingia kuna kiranja wa chama, na kwenye mambo makubwa atapiga kura na wenzake au ataadhibiwa. Unaweza kumpata mtu safi kabisa, daftari lote limejaa alama nzuri, ukampeleka akaongeze namba kwa bajeti unayoipinga. Kwa ubunge, mimi naona ilani ya chama na historia yake ya kupiga kura ina uzito kuliko mtu.

---

Karani_wa_Vikao

Hoja yako ni nzito, na nilipaswa kuitaja. Kwenye bajeti na kura ya kutokuwa na imani, chama ndicho kinachoamua karibu kila kitu. Penseli_Mbili, ongeza mstari kwenye daftari: chama chake kilisimama wapi kwenye miswada mitatu mikubwa ya kipindi kilichopita, na yeye aliwahi kutofautiana nacho? Hansadi itakuonyesha hata kama hakupiga kura kinyume, kwa sababu mtu mwenye msimamo huacha mchango uliopishana na wenzake.

Pale ambapo mtu binafsi bado ana uzito ni kamati, maswali, na udiwani. Kwenye baraza, kodi ya soko au mahali pa kuweka dampo haviamuliwi makao makuu ya chama. Kwa hiyo kwa rais na mbunge kipime chama na mtu, kwa diwani mpime zaidi mtu.

---

Penseli_Mbili

Wakuu mmenifungua. Nina mawili ya mwisho. Siku mbili za mwisho, ambapo Jicho anasema ndipo sumu inapomwagwa, nifanyeje? Na mzee anayeheshimika kwenye grupu la familia akituma uzushi, namsahihishaje bila kumvunjia heshima?

---

Jicho_la_Tatu

La siku za mwisho: funga daftari lako siku ya tatu kabla ya kura, ukiwa umeshaandika unamchagua nani na sababu mbili kwa kila nafasi. Kitakachokuja baada ya hapo kiwe na kazi ya kukubadilisha: kithibitishwe na vyombo viwili visivyochukua habari kwa mwenzake, na kiguse mojawapo ya sababu ulizoandika. Kama sababu yako ilikuwa rekodi ya mgombea kwenye bajeti ya maji, klipu ya ugomvi wake wa ndoa haijaigusa.

La mzee: mwandikie faraghani, usimjibu mbele ya wajukuu zake. Shikamoo kwanza, kisha mshukuru kwa kuwajali wenzake, maana wengi hutuma kwa nia ya kuonya. Anza na lililo kweli, taja uongo mara moja tu bila kuukuza, malizia na lililo kweli na kiungo chake. Kwa mfano: "Shikamoo babu. Picha ile ni ya mafuriko ya miaka ya nyuma, nimeona ilichapishwa wakati huo. Aliyeiandika kuwa ni ya juzi amekosea. Nimekuwekea hapa ile ya asili, ukiona vyema uwaambie wenzetu." Mwachie yeye nafasi ya kulisahihisha grupuni. Usirudishe picha ya uongo bila kuichora msalaba mkubwa juu yake, kwa sababu watu watachukua picha na kuacha maelezo yako.

Ujumbe wenye mishale miwili ya kusambazwa umeshapita angalau mazungumzo matano kabla ya kumfikia. Mwonyeshe alama hiyo. Ni rahisi kwa mzee kuikumbuka kuliko somo zima, na tangu Aprili 2020 WhatsApp yenyewe huzuia ujumbe wa namna hiyo kupelekwa zaidi ya sehemu moja kwa mkupuo.

---

Msimamizi_Kituoni

Mmesahau uzushi unaoumiza kuliko wote, ule usiomtaja mgombea hata mmoja: tarehe imebadilika, kituo kimehamishwa, kitambulisho fulani hakikubaliki, kalamu ya kituoni inafutika, chama hiki kinapiga kura leo na kile kesho. Mwaka 2016 Marekani zilisambazwa picha zikiwaambia wafuasi wa Hillary Clinton kwamba wanaweza kupiga kura kwa ujumbe wa simu. Aliyeamini na kutuma ujumbe alibaki nyumbani akidhani amemaliza.

Kwa hiyo leo, si siku ya mwisho, hakiki jina lako kwenye daftari la wapiga kura kwa njia rasmi ya tume. Andika kwenye karatasi jina la kituo, namba ya chumba au mkondo, saa za kufungua na kufunga, na nyaraka za kubeba. Piga picha ukurasa wa tume ukiwa na anwani yake juu. Namba ya simu ya tume ichukue kwenye tovuti yake, usiichukue kwenye ujumbe uliotumiwa.

Ukifika ukaambiwa jina halipo, usiondoke. Angalia orodha ya vyumba vyote vya kituo hicho, kisha mwite msimamizi aangalie kwa namba ya kadi yako badala ya jina, kwa sababu majina huandikwa kwa herufi tofauti na kupangwa kwa jina la ukoo wakati wewe unalitafuta kwa la kwanza. Ukiharibu karatasi kabla ya kuitumbukiza, irudishe na uombe nyingine. Nchi nyingi sheria inaruhusu, ila ikishaingia kwenye sanduku hakuna namna. Na ukiwa bado kwenye foleni saa ya kufunga ikifika, sehemu nyingi waliokwisha panga mstari huruhusiwa kupiga. Kifungu hicho kitafute kwenye kanuni za uchaguzi za kwenu mapema na ukihifadhi kwenye simu, kwa sababu saa ya kufunga ndipo wenye kelele nje ya kituo huwaambia watu kwamba wamechelewa.